Kwa Nini Maua ya Mfuji Hutazama Chini

Sogeeni, kisa kimefika mlangoni na hakipendi kusimamishwa nje. Mwenye kazi ya mikono aendelee nayo, maana masikio hayashoni wala hayamenyi viazi.

Huko mashariki ya mbali, katika nchi ya Japani, kuna mmea unaotambaa ambao wenyewe huuita fuji. Si ule mlima wao wenye theluji kichwani; mlima ni mlima na mmea ni mmea. Sisi tutauita mfuji, kwa kuwa mti ukija kwetu ni mgeni wetu, na mgeni huvishwa kanga ya nyumba aliyofikia. Kila mwaka, baridi ikishakwisha na kabla mvua hazijashika kasi, mfuji huchanua, na watu hufunga safari kutoka miji ya mbali kwenda kuutazama bustanini. Ukienda utayakuta maua yake yamening'inia kutoka kwenye vichanja, mashada marefu ya zambarau, mengine marefu kuliko mkono wa mtu mzima, na yote yameinama. Hakuna hata moja linalotazama juu. Anayeyaona mara ya kwanza husahau alichokuwa akisema, na simlaumu.

Lakini hayakuumbwa hivyo. Zamani hizo mfuji ulichanua kwa kuelekea mbinguni. Shina lilikwea nguzo za kichanja, matawi yakatambaa huku na huku juu ya mianzi, na kila shada likasimama wima kama suke la mtama. Aliyekuwa chini aliona majani na kivuli tu. Maua yalikuwa ya nyuki, ya ndege, na ya watu waliojaliwa kupanda ulingo uliojengwa kando yake.

Bustani ya kisa hiki ilikuwa ya Bwana Kagemori, mtawala wa bonde lile, nayo ilikuwa bustani ya kutamaniwa. Palikuwa na ziwa dogo lenye samaki wekundu na weupe, walionenepa kwa kutofanya lolote. Palikuwa na daraja la mbao lililojipinda juu ya maji, na mawe yaliyovikwa kuvumwani ya kijani kibichi, laini hata mtu akatamani kuvua viatu. Misonobari ilikuwa imekatwa kwa subira, tawi baada ya tawi, miaka na miaka, mpaka kila mmoja ukawa na sura yake. Hapakuwa na kitu kilichowekwa ovyo, na bado hapakuwa na kitu kilichoonekana kulazimishwa. Huo ndio ufundi, na aliyeufanya hakuwa Bwana Kagemori.

Aliyeufanya aliitwa Tokuji. Alikuwa mzee mwembamba, mikono yake imejaa sugu na kinywa chake hakina mazoea ya maneno. Fahari yake ilikuwa kichanja cha mfuji. Kila mwaka majani yakishapukutika alikibomoa na kukijenga upya, na kila mwaka alikipandisha juu kidogo, kwa sababu katika bonde lile kuheshimu kitu ni kukiinua. Mbegu bora ya mpunga ilihifadhiwa darini, mgeni wa maana aliketishwa mahali palipoinuka, na vibao vyenye majina ya wazee waliokufa viliwekwa kwenye rafu ya juu kabisa. Basi mfuji nao, kadiri ulivyochanua vizuri ndivyo ulivyopandishwa, na ngazi ya ulingo nayo ikazidi kurefuka. Hakuna aliyejiuliza heshima hiyo inamfikia nani na inampita nani.

Ilimpita Orie, mke wa Tokuji, aliyeishi naye katika nyumba ndogo nyuma ya ziwa. Orie aliumalizia ujana wake kwenye majaruba, akipandikiza mpunga, miguu ndani ya tope na mgongo umeinama toka asubuhi hadi jioni. Mpunga una tabia ya kuazima mgongo wa mtu. Wa Orie uliuazima na haukuurudisha. Uzeeni alitembea amejikunja, uso ukitazama ardhi, na watu wa bonde aliwajua kwa miguu. Ukimpita kimya kimya atakuita kwa jina lako na kukuuliza hali ya mama yako. Alimjua hata Bwana Kagemori, kwa namna alivyoburuta kisigino cha kushoto.

Kazi yake bustanini ilikuwa chini ya kichanja. Alifagia majani, na msimu wa maua ulipokaribia aliulisha mfuji. Watu wa kule huamini kwamba mfuji hupenda kinywaji, basi Orie alichukua machicha ya pombe ya mchele, akayafukia taratibu kuzunguka shina, kisha akamwagia maji. Alipokuwa akifukia alizungumza nao: nani kaoa, nani kagombana na mkwewe, mwaka huu vyura wamechelewa. Alizungumza kama mtu anavyozungumza na jirani aliye upande wa pili wa ua. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuliona hata ua moja la mti aliokuwa akiulisha. Kinyozi hajinyoi, ndivyo wasemavyo.

Alichopata ni habari, tena habari zenyewe zilitoka kwa Tokuji. Kila jioni ya msimu, wageni wakishaondoka, alimwuliza mumewe maua ya siku ile yakoje.

"Ya zambarau," alisema Tokuji.

"Biringanya nayo ni ya zambarau, mzee wangu."

Tokuji alifikiri sana. "Ni mengi," akaongeza.

Orie alicheka mpaka akashika mbavu. Alimpenda mwanamume huyu na uchache wake wa maneno. Hata hivyo aliingia kulala na hamu ya kitu asichokijua sura, na hamu ya namna hiyo hailali.

Mwaka mmoja, msimu ukiwa mlangoni, ukungu ulianza kutanda machoni mwake. Kwanza alikosea miguu ya watu, akamwita jirani kwa jina la shemeji yake. Mganga wa bonde alimtazama mboni kwa muda mrefu, akamwambia kwamba hatamdanganya: maua ya mwaka unaofuata yatamkuta gizani. Orie alimshukuru kwa kusema kweli. Njiani kurudi nyumbani alimwambia Tokuji, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Lakini kabla hayajafa nataka kuyaona maua ya mfuji mara moja. Kuyaona, si kusimuliwa."

Tokuji alitazama mikono yake. Moyo ulimwuma, maana hapo ndipo alipokumbuka kwamba ni mikono yake iliyoyapandisha juu, mwaka hadi mwaka, na hakuna siku aliyofikiri kwamba alikuwa akiyahamisha mbali na mkewe.

Mashada ya kwanza yalipofunguka, asubuhi moja kabla ya siku za wageni, alimfunga Orie mgongoni kwa kitambaa kama mtoto, akaanza kupanda ngazi. Orie alikuwa mwepesi, ila mgongo uliopinda haukubali kubebwa. Ulimvuta Tokuji nyuma kila alipoinua mguu. Walifika katikati. Kipandio kimoja cha mwanzi kikalia, kikavunjika, na wazee wawili wakarudi chini kwa njia fupi. Tokuji alichubuka viwiko. Orie aliumia nyonga, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa mkekani.

"Ngazi yako imeshinda umri wetu," alimwambia mumewe alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto.

Tokuji akajaribu njia nyingine. Ilikuwa mwiko kukata shada la mfuji kabla mwenye bustani hajayatazama maua, na mwiko huo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha vibarua wake. Aliuvunja mchana kweupe. Alikata shada moja, zuri kuliko yote, akalificha ndani ya nguo na kukata mbio kuzunguka ziwa. Mfuji hauvumilii kisu. Kabla hajafika darajani shada lilikwisha legea, na alipopiga magoti kando ya mkeka petali zote zilikuwa zimebaki kifuani mwake, zimesinyaa na kushikana kwa jasho. Orie alipokea alichopewa, akakisogeza karibu na macho.

"Umeniletea bua," akasema, bila kulaumu.

Tokuji akalia. Alilia waziwazi, machozi yakidondoka kwenye sugu za mikono yake, na Orie akamwacha alie mpaka atosheke. Kisha akamgusa goti.

"Sikiliza. Mti haujala tangu nilipoanguka. Machicha yako kwenye chungu, nyuma ya mlango. Nenda ukaulishe. Na usiumwagie tu kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Zungumza nao, mti umezoea kusemeshwa."

Sasa mjue jambo moja kuhusu mfuji. Mti huo ulikuwa umekua na kuzeeka bila kujua ni nani anayeulisha. Maua yake ndiyo macho yake, na macho hayo yalitazama mbingu. Kwa hiyo kila uliposhiba ulilishukuru jua, ukaishukuru mvua, ukajinyoosha zaidi kuelekea huko. Sauti ya bibi iliyotoka chini uliisikia na uliipenda, lakini haukuwahi kuihusisha na chakula. Asante ya punda ni mateke, husema watu. Mimi nasema punda ana nafuu, kwa kuwa angalau anajua nani kamletea majani. Siku zile jua liliwaka kama kawaida na manyunyu yakaanguka kama kawaida, na bado mfuji ulikuwa na njaa. Sauti nayo ilikuwa imenyamaza. Mti ukaingiwa na wasiwasi.

Tokuji alifika na chungu, akafukia machicha, akamwagia maji. Halafu akasimama. Alitazama shina, akakuna shingo, akatazama kama kuna mtu anayemwona. Mwisho akakohoa.

"Anayekulisha si mimi," akasema. "Anaitwa Orie. Ni mke wangu. Mgongo wake hauinuki, na macho yake yanazimika. Amekaa hapa chini miaka yote akikupa chakula, wewe hujamwona, na yeye hajakuona. Aliyekupandisha huko juu ni mimi. Nilidhani nafanya vizuri."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema kwa mara moja, akachoka kama aliyebeba mawe. Akachukua chungu chake akaenda zake.

Mfuji uliona aibu. Ulitaka kutazama chini saa ile ile, lakini shingo iliyozoea kutazama juu haigeuki bila maumivu. Vikonyo vya maua vilikuwa vigumu, vimekomaa hivyo tangu mababu. Shada moja likajipinda kidogo, likatulia, likajipinda tena. La pili likafuata. Kulipopambazuka mashada yote yalikuwa yamelala ubavu, na jua lilipopanda yakaendelea kuinama, moja baada ya moja.

Siku hiyo ndiyo Bwana Kagemori aliyoichagua kwa wageni wake. Walifika wamevaa hariri, wakapita darajani wakiwasifu samaki, wakapanda ulingo mmoja mmoja wakishikilia pindo za nguo. Walipofika juu walikuta uwanda wa majani. Bwana Kagemori aliinama ukingoni, akayaona mashada yamemgeuzia visogo, akaiva uso kwa fedheha.

"Tokuji, yainue," aliita. "Yafunge kwa kamba yasimame, upesi."

Tokuji alikuwa chini ya kichanja, na hakusikia mara ya kwanza. Alikuwa ameinua uso. Maua hayo aliyajua tangu ujana, alijua kila tawi na ugonjwa wake, lakini hakuwahi kuyaona kutoka upande huu, jua likipenya katika petali na kuzitia mwanga kwa ndani. Dari yote ilikuwa ya zambarau, nene pale na nyepesi hapa, na hewa chini yake ilikuwa na rangi. Alijihisi mjinga, na hakujali.

"Bwana, siwezi," akasema alipoitwa tena.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Niache nimlete mke wangu kwanza, kisha unifanye utakavyo."

Wageni waliacha kujipepea. Kumkatalia mtawala wa bonde mbele ya wageni wake kulikuwa sawa na kujitoa mwenyewe nyumbani na bustanini, na Tokuji alilijua hilo kuliko wao. Hakungoja jibu. Alizunguka ziwa, akamwinua Orie kutoka mkekani, akambeba mgongoni, akapita naye mbele ya hariri zote hizo bila kumwamkia mtu, akamsimamisha chini ya kichanja na kumpa fimbo yake ashikilie.

Na hapo ndipo ilipoonekana kwamba haijatosha. Maua yalikuwa yameinama, ndiyo, lakini kichanja kilikuwa juu mno, na Orie alikuwa chini kuliko yote. Mgongo wake haukukubali kulazwa chali, basi alijaribu kuinua shingo. Nyonga ikamchoma, shingo ikakataa, na alichokiona kilikuwa kile alichokiona siku zote, udongo na miguu ya mumewe. Tokuji alimshika kiwiko. Hakuwa na njia nyingine ya kujaribu.

Orie hakulalamika. Aliusemesha mti, kama ilivyokuwa desturi yake. "Habari za siku nyingi," akasema akiutazama udongo. "Nasikia mzee wangu alikuja. Ulikula ukashiba?"

Mfuji uliitambua sauti. Shada lililokuwa juu ya kichwa cha Orie likaanza kurefuka. Lilishuka ua kwa ua, tumba kwa tumba, likapita majani, likapita mwanzi wa chini, likapita kilemba chake cha kazi, likaendelea kushuka mpaka likaning'inia mbele ya pua yake, kati ya uso wake na ardhi. Likasimama hapo. Kwa mara ya kwanza mti ulimwona aliyeulisha, na aliyeulisha akauona mti.

Orie alitazama kwa muda mrefu. Machozi yalimjaa, akayapangusa haraka yasimpotezee nafasi. Maua ya juu ya shada yalikuwa yamefunguka wazi, kila moja na doa la manjano kooni. Ya katikati yalikuwa yakianza. Na ya ncha yalikuwa bado matumba madogo meusi, yamefumba.

"Tokuji," akasema, "hukuniambia kwamba hayafunguki yote pamoja."

"Sikudhani ni jambo la kusema."

"Ndilo lenyewe."

Mashada mengine nayo yakashuka, huku na huku, kichanja kizima. Bwana Kagemori alikuwa ameteremka ngazi na hasira yake mkononi. Ili awafikie wale wazee ilimbidi apite katikati ya maua, na kuyapangua kwa bega hakuthubutu. Akainama kidogo. Hatua iliyofuata akainama zaidi. Mgongo ule haukuwa umeinama tangu alipokalia kiti cha baba yake, na nadhani ulishangaa kama mwenyewe. Alipowafikia, uso wake ulikuwa sawasawa na uso wa Orie.

"Kumbe ni wewe unayefagia hapa," akasema.

"Ni mimi, Bwana. Mimi nakujua siku nyingi, ila kwa miguu."

Bwana Kagemori alitaka kusema neno, akakuta shada limemkaribia jicho, akalitazama, akasahau neno. Wageni walimsubiri juu ya ulingo mpaka wakachoka, wakaanza kushuka nao, mmoja mmoja, wakiinama. Hatimaye mtawala alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, kwamba ngazi ivunjwe, na kwamba mwaka ujao kichanja kishushwe. Tokuji akaitikia kwa kichwa.

Orie aliyaona maua siku zote za msimu ule. Mwaka uliofuata giza lilikuwa limeshafika, kama mganga alivyosema, na mashada yalishuka yakamgusa shavu, akausimulia mfuji habari za bonde akiyapapasa kwa vidole, yaliyofunguka na yaliyofumba. Aliishi misimu mingine kadhaa hivyo. Kisha akafariki, uzeeni, mumewe akiwa kando yake.

Na tangu siku ile mti ulipomwona Orie, mfuji hauchanui tena kwa kuelekea mbinguni. Kule Japani vichanja hujengwa vya chini, na anayekwenda bustanini msimu wa maua, awe mrefu, awe mwenye cheo, awe mgeni aliyetoka ng'ambo kama sisi, huingia ameinama. Ukikaa siku kadhaa utaona jambo ambalo anayepita haraka halioni. Mashada huanza mafupi, na kila kukicha hurefuka kidogo, yakishuka taratibu, mpaka yafike usawa wa uso wa bibi aliyepinda mgongo. Hapo husimama. Husubiri siku chache, na asipotokea, huanza kupukutika.